Wajina Kapinduliwa

"Wajina wetu kapinduliwa," babu alisema, akazima redio betri zisiishe.

Ilikuwa Julai 1994, barazani kwetu Ujiji. Mwezi ule Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa Rwanda asubuhi, Rwanda jioni, na kwa watu wa Kigoma habari zile hazikuwa za mbali. Gambia ilipotajwa hakuna aliyetega sikio ila babu. Sir Dawda Jawara, kiongozi wa nchi ile tangu 1962, kaondolewa na luteni wa miaka 29, Yahya Jammeh. Mzee wa watu kakimbilia meli ya kivita ya Marekani.

Babu alikuwa Daudi, nami nikapewa jina lake. Kina Daudi wa dunia nzima alikuwa nao kichwani, akiwafuatilia kama wengine wanavyoifuatilia Yanga.

"Huyo si wenu peke yenu, shekhe," alidakia jirani yetu, fundi cherehani, Mkatoliki. "Alibatizwa akaitwa David."

"Na mwaka wa uhuru, 1965, akarudi kuwa Dawda. Na Ikulu atarudi vilevile."

Ushahidi alikuwa nao. Mwaka 1981 Jawara huyo huyo alipinduliwa akiwa London kwenye harusi ya Prince Charles, majeshi ya Senegal yakaingia yakamrudisha. David Dacko wa Jamhuri ya Afrika ya Kati naye alitolewa na Bokassa, tena ndugu yake, usiku wa kuamkia 1966; mwaka 1979 Wafaransa wakamrejesha. Fundi akanogewa, akasahau kwamba anabisha: akamleta mfalme Daudi mwenyewe, aliyeikimbia Yerusalemu kwa kumhofia mwanawe Absalomu, kisha akarudi kutawala. Halafu akazinduka.

"Lakini Dacko wako walimtoa tena, shekhe. 1981."

"Hilo mwulize Kolingba aliyemtoa. Jina halihusiki."

Nami nikajipenyeza. "Babu, na Livingstone je? Si David yule?" Mnara wake haukuwa mbali na kwetu, na wageni waliupiga picha kila siku, niliona aibu asipotajwa.

Babu alifikiri kidogo. Livingstone alirudi Ujiji kutoka Umanyema mwaka 1871, hoi, akakuta aliyeachiwa mali yake kaiuza yote. Stanley alipofika, alimkuta mzee hana kitu.

"Kurudi alirudi," babu alisema, "ila alikuta kaibiwa. Huyo mhesabu nusu."

Nikaamini kabisa kwamba Jawara atarudi. Mwaka ukapita, mingine ikafuata, na Jammeh yupo tu.

Mwaka 2002 fundi ndiye aliyetuletea habari, hata kuketi hajaketi. "Shekhe, wajina wako karuhusiwa. Karudi Gambia."

"Ikulu?"

"Nyumbani kwake. Raia wa kawaida."

"Basi naye nusu," babu akasema. "Ukimjumlisha na Livingstone, tumepata mmoja."