Siku Kumi za Mama yake Rebeka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Mwanzo 24, na ninaomba mlisome lote kabla ya kuendelea nami. Ni refu kweli, mistari 67; katika kitabu cha Mwanzo hakuna sura inayolizidi. Tumezoea kulisikia likihubiriwa upande wa mtumishi wa Ibrahimu, aliyetumwa kumtafutia Isaka mke: ngamia kumi, maombi kisimani, msichana mwenye mtungi begani. Kwenye ibada za ndoa huwa tunaishia hapo hapo. Mimi mwaka huu ninamwoza binti yangu, na kila nikisoma namtafuta mtu mmoja ambaye sura yote haikumtaja hata jina.

Mama yake Rebeka anaonekana mara tatu tu. Mstari wa 28, Rebeka anakimbia kupeleka habari nyumbani mwa mama yake. Mstari wa 53, mama anapewa zawadi. Mstari wa 55, anasema. Hebu tazameni mpangilio. Usiku ule waliozungumza na mgeni ni Labani, kaka yake Rebeka, na Bethueli baba yao. Ndio waliosema jambo hili limetoka kwa Bwana, wakamwambia amchukue Rebeka waende. Mgeni akala, akanywa, akalala. Asubuhi anaomba ruhusa ya kuondoka, na hapo ndipo mama anasikika kwa mara ya kwanza, pamoja na kijana wake: msichana akae nasi kidogo, walau siku kumi, kisha aende.

Wamama wenzangu mliowahi kupokea washenga mnanielewa. Barua ya posa ilipoletwa kwetu hapa Moshi, wazee walikaa sebuleni na mashangazi. Mimi nilikuwa jikoni na wali wa wageni, habari nikizipata vipandevipande kwa wifi yangu aliyekuwa akipeleka soda. Mahari ikatajwa, ikapunguzwa, watu wakacheka, sala ikaombwa. Nilifurahi, tena sana. Kijana anamcha Mungu na ana adabu, na kwao Mwanza ni watu wa kanisa. Ila tangu siku ile mambo yanakimbia: kamati, kadi za michango, ukumbi, vitenge vya sare, mpiga picha, na lile kundi la WhatsApp la sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ambalo halilali. (Kuna ndugu ameahidi mara mbili na hajatoa hata mara moja. Mungu anamjua.) Katika yote hayo sijapata nafasi ya kukaa na mwanangu tukanyamaza pamoja. Nikimwita, ananijibu, "Mama, twende kwa fundi kwanza."

Kwa hiyo nikifika mstari wa 55 simlaumu mama yule. Nimesikia mahubiri yanayosema alikuwa anazuia kazi ya Mungu. Maandiko hayasemi hivyo. Hakusema asiende, aliomba siku. Mtumishi alikataa, akaomba wasimcheleweshe kwa kuwa Bwana ameifanikisha njia yake, lakini hakuna mahali mama anapokemewa. Mungu aliweza kuvumilia ombi la mama hata kama jibu lilikuwa hapana. Nami nimeamua kumwomba bila kujitia ujasiri nisio nao. Usiku wa manane namwambia, "Bwana, siku kumi tu," na ninajua jibu lake.

Kinachofuata ndicho kimenishika zaidi. Walipokwama, wale watu walisema, tumwite msichana tumwulize mwenyewe. "Utakwenda na mtu huyu?" Naye akasema, "Nitakwenda." Mama alikuwepo akisikia. Fikirini alivyosikia neno lile likitoka bila kusitasita, wakati yeye alikuwa bado anahesabu siku.

Ni jambo kubwa kwamba aliulizwa. Kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa ya hiari ya wote wawili, lakini sheria hiyo hiyo iliweka mlango wa msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Aliyefungua shauri lile naye anaitwa Rebeca, Rebeca Gyumi. Tunaosoma Mwanzo 24 kanisani tulipaswa kuwa wa kwanza kusema kwamba binti huulizwa.

Na akishaulizwa akajibu, tuheshimu jibu lake kama lilivyo. Nasema hivi kwa sababu ya kicheni pati. Nimekaa kwenye nyingi, nimecheza, nimetoa masufuria, na karibu kila moja kuna mama anayesimama kumwambia bibi harusi avumilie, avumilie, avumilie, hata haelezi avumilie nini. Umaskini, ndiyo. Ugonjwa, ndiyo. Mume aliyeamka amenuna, hilo nalo. Lakini "Nitakwenda" ya Rebeka haikuwa na maana ya "nitapigwa na nitanyamaza." Yangu nitamwambia binti yangu mbele ya wote: ukiumizwa, kwa mama yako unapajua, na nauli nitatuma mimi.

Wale watu hawakumpeleka Rebeka peke yake. Mstari wa 59 unasema alikwenda na yaya wake. Jina la yaya tunalipata mbele sana, Mwanzo 35:8, siku anapokufa: Debora, akazikwa chini ya mwaloni karibu na Betheli. Rebeka alitoka kwao na mtu aliyemjua tangu utotoni, na mtu huyo hakurudi Harani. Mama aliyenyimwa siku kumi angalau aliona mkono mmoja wa nyumbani unakwenda na mtoto wake. Nimeshaongea na dada mmoja wa kwaya yetu wa zamani aliyehamia Mwanza. Sikumwomba amchunguze binti yangu. Nimemwomba siku moja moja amwalike chakula, amsikilize, asiniletee umbea.

Miaka mingi baadaye Rebeka naye ni mama, na anamtuma mwanawe Yakobo Harani kwa Labani akakae "siku chache" mpaka hasira ya kaka yake Esau ipoe. Siku hizo chache zikawa miaka 20. Yakobo aliporudi, Biblia inasema alifika kwa Isaka baba yake, Rebeka hatajwi. Hapa sina maelezo mazuri ya kuwapa, na wakinipa siku moja nafasi ya kumuuliza, yeye na mama yake wawili hao nitaanza nao kabla ya mitume.

Maombi ya wiki hii. Jumapili ni tangazo la mwisho la ndoa. Ombeeni ndugu wa kijana wanaosafiri kwa basi kutoka Mwanza kuja kwenye sendofu, na mvua itusubirie maana tumekodi maturubai tu. Mwombeeni pia mkwe mwenzangu. Yeye ni mjane, na kijana huyu ndiye aliyekuwa akikaa naye. Siku zake hakuna aliyeziulizia. Mwombeeni mume wangu, anayejifanya yuko sawa. Tafakari ijayo itaandikwa na mzee wa kanisa wa mtaa wa pili, mimi nitakuwa safarini.