"Tea" ya Sheffield na Chai ya Kwetu

Mswahili anayehamia kaskazini mwa Uingereza hugundua mapema kwamba neno "tea", ambalo shuleni alifundishwa kuwa ni chai, huku ni jina la mlo wa jioni. Katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, hapa Sheffield, ubao ulio kando ya mlango wa jiko huandikwa upya kila asubuhi: "dinner" ni saa sita na nusu mchana, "tea" ni saa kumi na moja jioni, na chini ya neno hilo la pili utakuta soseji na viazi vya kuponda, au samaki na njegere, au supu na mkate. Mzee akiuliza leo kuna "tea" gani, usianze kumtajia aina za majani. Anataka kujua kama ni samaki au ni soseji.

Zamani "dinner" ulikuwa mlo mkuu wa mchana, kwa tajiri na kwa maskini. Katika karne ya 18 na ya 19 wenye nafasi waliusogeza kidogo kidogo hadi ukaangukia usiku, na kwa kuwa tumbo halisubiri mitindo, wakahitaji kitu cha kuzuia njaa alasiri. Ndipo ikaja chai ya saa kumi na keki zake, desturi ambayo kwa kawaida husimuliwa kuwa ilianza na Anna, mke wa Duke (lodi wa cheo cha juu) wa Bedford, yapata mwaka 1840. Wafanyakazi wa viwanda vya chuma na wachimba makaa ya mawe hawakuwa na nafasi ya kusogeza chochote. Waliendelea kula "dinner" yao mchana, na jioni waliporudi kutoka kazini walikula mkate, nyama baridi na viazi, wakiteremshia kwa chai ya moto, hadi mlo mzima ukachukua jina la kinywaji. Kwa hiyo mtu anayekiita chakula chake cha jioni "tea" huwa ameshakudokezea, bila kukusudia, kwamba ni wa kaskazini au amekulia katika nyumba ya wafanyakazi. Nami hucheka kimoyomoyo ninapoona hoteli zikiwauzia watalii "high tea" kama karamu ya mabibi na mabwana, ilhali kwa asili jina hilo ni la mlo wa jioni wa mtu aliyetoka kutoa jasho.

Hayo yote yasingewezekana kama chai ingebaki kuwa ghali. Kwa muda mrefu ushuru wake ulikuwa mzito kiasi kwamba majani mengi yaliingia nchini kwa magendo, mpaka sheria ya mwaka 1784 ilipoushusha kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5.

Neno lenyewe lina safari ndefu zaidi, na kwa maoni yangu jambo la kuvutia kuliko yote ni kwamba Kiingereza kimelikopa neno moja la Kichina mara tatu bila kujua. Wachina huandika chai kwa herufi moja, lakini matamshi hutofautiana: sehemu kubwa ya nchi husema "cha", na watu wa pwani ya Fujian husema "te". Umbo la kwanza lilitangulia kufika. Mwaka 1615 wakala wa kampuni ya East India aliyekuwa Hirado, nchini Japani, alimwandikia mwenzake akiomba chungu cha "chaw" iliyo bora. Umbo hilo halikushika wakati huo, ingawa baadaye lilijitokeza tena kama "char", na mpaka leo wapo wazee wa hapa wanaoomba kikombe cha "char", neno lililoenezwa sana na askari waliotumikia India.

Umbo la pili lilipitia kwa Waholanzi, ambao walifanya biashara na watu wa Fujian na kulisambaza Ulaya. Samuel Pepys, aliyeandika shajara yake London, anaeleza kwamba tarehe 25 Septemba 1660 aliagiza kikombe cha "tee", kinywaji cha Kichina ambacho hakuwahi kukionja. Matamshi ya siku hizo hayakuwa "tii" peke yake, kwani mashairi ya mwanzoni mwa karne ya 18 yanalipanga neno hilo katika kina kimoja na "obey", yaani lilitamkwa "tei". Umbo la tatu limekuja majuzi tu, nalo ni "chai" yetu, ambayo mikahawani humu ina maana ya chai ya maziwa yenye viungo. Wengine huagiza "chai tea", ambayo ni chai ya chai.

Wapo wanaosema kwamba lugha zilizopokea majani kwa njia ya nchi kavu zilichukua "chai", na zile za baharini zikachukua "te". Kanuni hiyo ni nzuri mpaka umkute Mreno, aliyefika China kwa merikebu na bado anasema "chá". Kiswahili nacho ni lugha ya pwani, na chai yetu inafanana na ya Kiajemi na ya Kihindi, watu tuliofanya nao biashara baharini kwa karne nyingi.

Wala tusimshangae sana mtu wa Sheffield, maana nasi tumefanya yale yale, ila tumefanya asubuhi. Anayekuuliza kama umeshakunywa chai saa mbili asubuhi anauliza kama umekula, na jibu linajumuisha mihogo, chapati au kiporo cha jana. Tena sisi tumekwenda mbali zaidi, kwani chai ni hongo pia, na kwa vijana wa Tanzania chai ni hadithi ya uongo. Vijana wa Kiingereza, kwa kufuata mtindo uliotoka kwa Wamarekani weusi, huita "tea" ule umbea wenye ukweli ndani yake.

Kwa wageni wanaoletwa kazini kwetu nina ushauri mmoja. Ukialikwa "tea" nyumbani kwa mtu, uliza saa: ikiwa ni saa kumi, kula kwako kabla ya kutoka, kwa kuwa utapata keki na kikombe, ikiwa ni saa kumi na moja na nusu, nenda na njaa.