Mota ya CNC iliyokataa kupunguza kasi
Hapa Bagamoyo nachonga nakshi za milango kwa mashine ndogo ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, yenye mota ya volti 24. Niandike amri ya kasi S3000 au S9000 (mizunguko kwa dakika), mota ilizunguka kwa kasi ileile ya juu, na mninga ukaungua hadi kufuka moshi. Nilibadilisha waya, kisha kibao cha kuendeshea mota. Hela ikapotea bure. Kosa lilikuwa kwenye mipangilio ya GRBL, programu inayoendesha mashine: $30, yaani kasi ya juu kabisa, ilikuwa 1000, kwa hiyo namba yoyote iliyozidi hapo ilihesabiwa kuwa kasi kamili. Nikaandika $30=9000, kasi ya mota yangu. Sasa M3 S4500 (M3 ni amri ya kuwasha mota) inaipa wastani wa volti 12 hivi. Biti, yaani kisu cha kuchongea, ikizama kwenye mbao ngumu mota bado inalegea, basi nachonga kina kidogo kidogo.