Mashine ipo, wa kupiga picha hayupo

Juzi nilimpeleka mama mkubwa hospitali ya kaunti, ana kivimbe kwenye titi na daktari kamwandikia mamogramu, ile eksirei ya titi, nikajua tutamaliza mapema maana mashine ipo, ilikuja na ule mpango wa serikali ya Kenya wa kukodi vifaa vya hospitali. Tukakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita, mlango umepigwa kufuli, mara nesi akapita akasema pole mama, anayepiga picha alihamishwa mwezi wa tatu, nendeni hapo ng'ambo ya barabara. Nikachungulia dirishani. Nikaiona, nyeupe pee, hata ile nailoni ya kwenye skrini haijabanduliwa. Ng'ambo tukalipa elfu nne, na mama mkubwa zile pesa alizifungua kwenye pindo la leso moja moja.

Imeniuma sana, kwa sababu ile mashine tumeilipia. Mpango ulianza 2015, hospitali 98, mbili kila kaunti na nne za kitaifa, eksirei, ultrasaundi, mamogramu, dialisisi ya kusafisha damu, vifaa vya ICU na theata. Mwanzoni kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye ikapandishwa hadi milioni 200, na zilikuwa zinakatwa juu kwa juu kabla mgao wa serikali kuu haujafika, Lamu yenye watu laki moja na kitu ilikuwa inakatwa sawasawa na Nairobi yenye zaidi ya milioni 4! Maseneta walipochunguza wakakuta zingine zimekaa tu, huku hakuna stima ya kutosha, kule hakuna mtaalamu.

Sisemi mashine zisije. Dialisisi imeokoa watu wengi, zamani mgonjwa wa figo alikuwa anafunga safari mbali kila wiki. Lakini mkataba ulihesabu mashine, na mshahara wa anayepiga picha na wa daktari wa kuisoma ukaachiwa kaunti ambayo pesa zake zilishakatwa, sasa hapo ingeajiri na nini? Na tangu 2001 serikali zetu za Afrika zilikubaliana kule Abuja, Nigeria, kwamba afya ipate 15% ya bajeti, sisi hatujafika.

Bahasha ya picha iko juu ya kabati, majibu tunayafuata Alhamisi. Kikao cha wananchi cha bajeti ya kaunti kikiitishwa nitakuwepo, nitauliza jambo moja tu: mwaka huu mmetenga nafasi ngapi za watu wa eksirei?