Baga ya Sinza na swali la nundu

Wengi tunaorudi nchini baada ya kukaa ughaibuni kwa muda mrefu huanza kwa kutafuta wali kwa samaki, ugali wa dona na mishkaki ya barabarani, na mimi nilivila vyote hivyo katika wiki ya kwanza. Hata hivyo, mlo ulionifikirisha kuliko yote ni baga niliyoila mchana mmoja Sinza, katika mgahawa mdogo wenye meza chache za plastiki na feni moja ya ukutani. Niliondoka Dar es Salaam mwaka 2011, na sehemu kubwa ya maisha yangu Marekani niliitumia jikoni, nikikaanga baga mjini Houston, hivyo msomaji atanivumilia nikilijadili jambo hili kwa kirefu.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Mtoto wa mjomba alinipitisha Ubungo ili nione Daraja la Kijazi, lililofunguliwa mwaka 2021, na mabasi ya mwendokasi ambayo nilikuwa nikiyaona kwenye picha tu tangu yaanze kazi mwaka 2016, kisha tukachukua bajaji kwa njia ya Shekilango. Mlangoni kulikuwa na ndoo yenye koki na sabuni ya maji. Kijana wa jikoni aliniamkia, “Shikamoo, mzee,” nami nikaitikia marahaba baada ya kusita kidogo, maana nilipoondoka ni mimi niliyekuwa nikiwaamkia wenye migahawa. Mteja aliyekuwa ameishika baga yake kwa mikono miwili alitukaribisha chakula kama ilivyo ada, ingawa sijui tungeigawana vipi. Tukamjibu, “Ahsante, starehe,” naye akaendelea kula.

Jiko lilikuwa karibu na meza yetu, kwa hiyo niliona kila kitu. Nyama ya kusaga ilikuwa imekwisha kuchanganywa na kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, majani ya giligilani, yai na chenga za mkate, na kijana akawa anaifinyanga kwa viganja vilivyolowa maji, akiibonyeza juu ya chuma cha kupikia chapati. Katika jiko nililofanyia kazi jambo hilo lilikuwa mwiko. Nyama haikuchanganywa na chochote, na chumvi ilinyunyizwa juu yake wakati ule ule inapowekwa kwenye chuma cha moto, kwa kuwa chumvi ikikaa ndani ya nyama ya kusaga huyeyusha sehemu ya protini zake, nyuzi zikashikamana, na baga ikapata ugumu wa soseji.

Lakini kanuni ile imejengwa juu ya ng'ombe wa kule, anayenenepeshwa kwa nafaka, ambaye nyama yake ya baga huchanganywa ili mafuta yawe karibu sehemu moja kati ya tano. Ng'ombe wetu wengi ni wa asili, wale wenye nundu, waliokulia malishoni katika mikoa kama Shinyanga, Simiyu na Dodoma. Nyama yao ina ladha nzito, ila mafuta ni machache, tena hayapenyi sana ndani ya msuli. Ukiisaga steki ya ng'ombe huyo na kuikaanga kwa chumvi peke yake, itakauka na kujikunja kabla mkate haujapata moto. Ndipo kazi ya mchanganyiko ule inapoonekana: kitunguu hutoa maji, chenga za mkate huyanyonya na kuyahifadhi, na yai hushikilia vyote visisambaratike. Huo ni ufundi wa kababu. Nilichokula Sinza ni kababu iliyobonyezwa na kulazwa ndani ya mkate, na asili yake naiona katika majiko ya Kariakoo na Upanga kuliko ya Houston. (Wanaodhani kitunguu kinaiharibu baga wakumbuke kwamba White Castle, kampuni ya migahawa ya baga ya Marekani iliyoanza Wichita, Kansas, mwaka 1921 kwa kuuza baga kwa senti 5, imejulikana miaka yote kwa vitunguu.)

Juu ya nyama kulikuwa na kachumbari iliyokamuliwa maji, kabichi iliyokatwa nyembamba na sosi ya ukwaju yenye pilipili, ambayo kwa maoni yangu inaishinda tomato sosi ya chupa kwa mbali, kwa kuwa uchachu wake hukata mafuta ya kukaangia. Chipsi zilikuja na vijiti vya kuchomea, na zilikuwa za kawaida tu. Mkate ndio ulioniudhi: ulikuwa na sukari nyingi, mlaini kupita kiasi, na upande wake wa chini ulikuwa umelowa kabla sijafika nusu.

Nilipokwenda kulipa kwa lipa namba iliyobandikwa ukutani, nilimuuliza yule kijana kwa nini hamwambii mwenye bucha amsagie nyama pamoja na mafuta kidogo. Alijibu kwa heshima kwamba mteja wa hapa akiona mafuta yanachuruzika anajua ameibiwa, kwa sababu yeye amelipia steki. Hoja hiyo sikuweza kuipinga, kwani mama yangu naye humrudishia mwenye bucha mafuta mbele ya foleni nzima. Nikamtajia nundu, ambayo ina mafuta lakini hakuna Mtanzania anayeiita udanganyifu. Alicheka, akasema nundu huwahiwa na wachomaji nyama alfajiri, tena bei yake si ya mchezo. Tumekubaliana kwamba nitainunua mimi, yeye ataisaga na kupika baga mbili bila yai wala chenga za mkate, na mtoto wa mjomba, ambaye hajawahi kutoka nje ya nchi na hana upande, ndiye atakayeamua.