Bagamoyo, baada ya Tomi

Tomi alikufa mwezi wa nne, masika yamekolea, na tulimzika nyuma ya nyumba pale Tegeta, chini ya mwarobaini alikozoea kulala mchana. Figo zilikuwa zimechoka. Daktari wa mifugo alikuja nyumbani, akampima, akasema bila kuzunguka kwamba kwa umri ule kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu. Alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tulimpata nikiwa sekondari. Aliniona nikianza kazi, akaniona nikimuuguza mama mpaka mwisho. Miezi ile ya kuuguza, nikitoka nje usiku kuvuta pumzi, yeye ndiye aliyekuja kuniegemea miguuni. Wengine walidhani nimepoteza mlinzi wa geti.

Msiba wa mbwa hauna matanga. Kazini sikuomba ruhusa. Majirani walinipa pole, kisha palepale wakanitajia mtu anayegawa watoto wa mbwa. Walisema kwa wema, najua. Jioni nikirudi nilikuwa nafungua geti taratibu, mwili bado unajiandaa kurukiwa.

Aliyekata shauri ni shangazi, dada yake baba, ambaye amekaa nasi tangu mama afariki. Jumamosi moja asubuhi nilimkuta sebuleni keshavaa, mkoba mkononi.

"Shikamoo shangazi. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Tunakwenda Bagamoyo. Kaoge."

Hakueleza zaidi, nami sikuuliza. Shangazi hakuwahi kumpenda Tomi, au ndivyo alivyotaka tuamini. Alimwita "huyu mtu wenu". Alilalamikia manyoya kwenye mkeka na nyayo za tope barazani, na akimpita alimwambia "sogea huko" kwa sauti ileile anayotumia kwa kuku.

Tulidandia Kosta iliyotoka Makumbusho, tukapata viti vya nyuma. Boko, Bunju, kisha Mapinga ambako unaingia Mkoa wa Pwani, halafu Kerege, Zinga, Kiromo. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri na kila kitu kando ya barabara kilikuwa kijani kibichi. Shangazi alisinzia. Nilishukuru kukaa mahali ambapo hakuna anayenijua.

Kutoka stendi tulichukua bajaji hadi misheni, tukapita kwenye ile njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Kijana aliyetutembeza alisimulia jinsi wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walivyofika mwaka 1868, wakawa wananunua watu waliokuwa utumwani na kuwapa makazi. Akatuonyesha mnara mdogo wa kanisa la zamani, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Mimi huwa naona sifa ya safari ile ni ya wale wabebaji kabla ya mtu mwingine yeyote.

Lakini pale mnarani niliyemfikiria ni Chitane. Nilishasoma kwamba Livingstone alikuwa na mbwa mdogo wa jina hilo, akazama Januari 1867 wakivuka kinamasi kipana huko kaskazini mwa Zambia. Maji yaliwafika watu kiunoni, kila mmoja akihangaika na mzigo wake, na mbwa akaogelea mpaka nguvu zikamwishia. Livingstone alimwandika kwenye shajara: jinsi alivyokuwa akiwafukuza mbwa wa vijijini wasisogelee kibanda cha bwana wake, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuiba. Mtu aliyekuwa porini na njaa alitenga wino kwa ajili ya mbwa wake. Nilifarijika sana kulikumbuka hilo, kuliko maneno yote niliyokuwa nimeambiwa.

Karibu na hapo kuna mbuyu ambao wamisionari waliupanda mwaka 1868. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliuzungushia mnyororo ili amfunge punda wake, halafu mnyororo ukaachwa hapohapo. Mti ukaendelea kunenepa. Leo gome limeumeza, na kinachoonekana ni kipande kifupi kinachotokeza kwenye mkunjo, pete chache zenye kutu. Nikaigusa pete ya mwisho. Ilikuwa ya moto kwa jua. Nikalia pale, kilio cha sauti, mbele ya kijana wa watu na wageni wengine wawili watatu. Shangazi alinishika mkono, akamwambia yule kijana, "Amefiwa." Kijana akasema, "Poleni sana," akatuacha tukae.

Shangazi hakusema nimefiwa na nani. Sijui kama yeye anafahamu alivyonisaidia kwa neno lile moja.

Mchana tulishuka soko la samaki, ambako wakaangaji wanapanga makarai yao. Tulikula changu wa kukaanga na ugali, kwa mikono, shangazi akisifia samaki na kulaumu chumvi. Tulipomaliza alimwita mkaangaji, "Baba, nisaidie kipande cha gazeti." Akavikusanya vichwa na miiba kwa uangalifu, hata vya kwenye sahani yangu, akavifunga vizuri, akakunja ncha mbili za gazeti ndani ili mafuta yasivuje. Mkono wake ukafika kwenye zipu ya mkoba, ukasimama.

Tuliangaliana. "Basi," akasema, akalifungua gazeti na kuwawekea paka wa sokoni.

Kwenye Kosta ya kurudi ndipo alipoanza kuzungumza. Kumbe babu alikuwa na mbwa kule Gonja, Upareni, anaitwa Walimwengu, akilinda mahindi yasiliwe na nyani. Siku moja nyani walimjeruhi vibaya, akafa. Babu hakwenda shambani siku ile wala kesho yake; alisema ana homa. "Wote tulijua hana homa," shangazi alisema. "Bibi yako alimpikia uji, akampelekea chumbani, hakumuuliza kitu."

Nami nikamsimulia usiku wa mwisho wa Tomi, ambao sikuwa nimemsimulia mtu. Foleni ya Bunju ilikuwa ndefu na hatukuijali. Shangazi alikuwa na habari nyingi za Tomi ambazo mimi nilizikosa nikiwa kazini: alivyomwogopa jogoo wa jirani, alivyolijua pikipiki la muuza maziwa tangu likiwa barabara kuu, na kwamba kila saa saba mchana yeye shangazi alimkwangulia ukoko wa wali, akaupooza kwanza, ndipo akampa.