Kamba ya kiatu, chini kidogo ya Gilman's Point

Juzi kwenye daladala, mama aliyekaa mbele yangu alifungua kichupa cha dawa ya kuchua akaanza kujipaka goti. Abiria wengine wakafungua madirisha. Mimi harufu ile ikanipandisha mlimani moja kwa moja.

Meku mnamfahamu. Kabla hajapata leseni ya kuongoza wageni alikuwa mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, amebeba kilo 20 miaka nenda rudi, na kila mgeni wake ameimbiwa "pole pole" mpaka akachoka. Halafu eti ni yeye huyo aliyeleta wazo la kukimbia. Chanzo ni Simon Mtuy, aliyepanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2006 kwa saa 9 na dakika 21. Meku humtaja kama vile wamenyonya ziwa moja.

Sisi ubavu huo hatukuwa nao. Tulikimbia kutoka lango la Marangu, tukapita kambi ya Mandara, tukatua ya Horombo kwanza ili miili izoee hewa nyembamba. Wagumu waliokuwa wakishuka na mitungi ya gesi walituuliza, "Mnamkimbia nani?" Ilikuwa masika, wageni wa kuhesabu, na mvua iliyotulowesha msituni kule juu ilikuwa imeanguka theluji.

Kambi ya Kibo, mita 4,720, tuliondoka usiku wa manane, na mbio ziliishia hapo. Changarawe ile ukipiga hatua mbili unarudishwa moja. Tulipolipita pango la Hans Meyer theluji ikawa ya magotini, mpira wangu wa maji ukaganda, na nyuma yetu mbingu ikaanza kupauka juu ya Mawenzi.

Meku alikuwa mbele. Akasimama, akachuchumaa kufunga kamba ya kiatu. Akavua glovu. Nikasubiri. Taa ya kichwani ilimulika kiatu, na mikono yake ikachukua kamba moja, ikaizungusha, ikaipiga fundo peke yake. Ile nyingine imelala kwenye theluji. Akafungua. Akarudia vilevile. Mtu huyu nimemwona akifunga turubai gizani, mvua inanyesha, huku anapiga soga. Na si kwamba vidole vilikufa ganzi, niliviona vikicheza vizuri tu. Kilichogoma ni kichwa.

Nikapiga goti nikamfungia. Kisha nikamwambia afanye kile alichonifundisha mwenyewe, kipimo cha wageni wanaozidiwa na mwinuko: tembea mstari mmoja, kisigino kiguse vidole.

"Unanipima mimi?"

"Tembea, bwana."

Akaenda hatua tatu. Ya nne ikampeleka pembeni, akazama hadi kiunoni.

"Upepo huo," akasema. Hakukuwa na upepo.

Tulibishana, yeye kwa Kichaga chenye ulimi mzito, mimi kwa Kiswahili. Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, tulikuwa tunaiona. Leseni ni yake, mlima ni wake. Anayewashusha watu, yeye anashushwa na nani? Mwisho nilishika mkanda wa begi lake nikaanza kuteremka. Alinifuata, nadhani kwa sababu chupa ya chai ilikuwa kwangu.

Jioni, Horombo, alikuwa anakula wali maharage na kulalamika hauna chumvi. Nikamchua magoti kwa dawa ileile, banda zima likanuka.

Mpaka leo kisa chake ni kingine: yeye alikuwa mzima, mimi ndiye niliyeingiwa na woga, naye akanionea huruma tukashuka. Asubuhi ile haikumbuki vizuri kuanzia pangoni kwenda juu, lakini hilo halimzuii kuisimulia. Na labda kweli angefika kileleni akarudi salama, wapo waliofika wakiwa hoi kuliko yeye. Uhuru, kilele chenyewe, sijaiona hadi sasa. Kwenye harusi namwacha ajisimulie, watu wacheke. Nasikia nikiwa sipo huongeza kwamba nililia.